Bujumbura Haina Nyangumi, Lakini Ina Jamaa Yake

Bujumbura iko mbali sana na bahari. Kutoka bandari yake ya Ziwa Tanganyika hadi pwani ya Bahari ya Hindi ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na mtoto aliyezaliwa Buyenzi au Kinama aweza kukua mpaka akawa mtu mzima bila ya kuyaona maji ya chumvi. Hata hivyo, wakazi wa mji huu wanayo desturi inayofanana sana na ile ya watu wa pwani. Jua linapoanza kuteremka nyuma ya milima ya Kongo, wakubwa kwa wadogo huketi ukingoni mwa ziwa, wakakaza macho majini, wakingoja kitu kikubwa kiibuke.

Watu wa pwani hungoja nyangumi. Kati ya mwezi wa Julai na Oktoba, nyangumi wenye nundu hutoka katika bahari ya baridi inayozunguka ncha ya kusini ya dunia, wakapanda hadi maji ya joto ya Afrika Mashariki ili kuzaa na kulea. Mwenye macho makali akitazama bahari kutoka Watamu, nchini Kenya, aweza kuona kwa mbali mvuke wa pumzi yao ukiruka juu ya maji, kisha mgongo mweusi, kisha mkia. Watu wa Bujumbura hungoja kiboko, ambaye kwa Kirundi huitwa imvubu. Kwanza huonekana masikio mawili madogo, kisha macho, kisha pua zinazopuliza maji kwa kishindo. Mambo hayo mawili yanafanana kuliko wengi wanavyodhani, na kufanana huko si kwa bahati tu.

UKOO MMOJA

Kwa muda mrefu wataalamu wa wanyama walimhesabu kiboko kuwa jamaa wa nguruwe, kwa kuyalinganisha meno na miguu yao. Katika miaka ya 1990, uchunguzi wa chembe za urithi ulibadili mawazo hayo. Ulionyesha kwamba, miongoni mwa wanyama wote walio hai leo, hakuna aliye karibu zaidi na nyangumi kwa nasaba kuliko kiboko. Maana yake si kwamba kiboko aligeuka kuwa nyangumi. Wote wawili walitokana na wahenga wamoja walioishi zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita. Tawi moja la ukoo huo liliingia baharini, likapoteza miguu ya nyuma na lisirudi tena. Tawi la pili lilibaki mlangoni, mguu mmoja majini na mguu mmoja nchi kavu.

Dalili za mlango huo bado zinaonekana. Ndama wa kiboko, baada ya mimba ya miezi minane hivi, aghalabu huzaliwa majini, na aweza kunyonya akiwa chini ya maji kama afanyavyo ndama wa nyangumi. Wote wawili hupashana habari kwa sauti zinazosafiri chini ya maji. Wote hawana budi kupanda juu kuvuta hewa, ingawa nyangumi huzama kwa muda mrefu zaidi. Kiboko mzima hukaa chini dakika tano hivi. Ngozi yake haivumilii jua, ndiyo maana mchana hujihifadhi majini. Uowevu mwekundu unaotoka katika ngozi hiyo, ambao watu wa kale waliuita jasho la damu, si jasho wala si damu, bali ni kinga yake dhidi ya jua na vijidudu.

Giza likiingia, kiboko hutoka kwenda malishoni. Mnyama huyu mwenye uzito wa tani moja na nusu, na pengine hata tani tatu, hula kiasi cha kilo 40 za majani kwa usiku mmoja, naye aweza kutembea kilomita kadhaa kuyatafuta. Hapo ndipo palipo na furaha ya mtazamaji na pia hatari yake. Nyangumi akishazama hamfuati mtu nyumbani. Kiboko ana nyumba mbili, ya mchana na ya usiku, na njia iendayo kutoka moja hadi nyingine hupita mahali ambapo siku hizi watu wamejenga, wamelima na wamefunga mbuzi wao.

KUTAZAMA NI KUJUA

Wapo wanaodhani kwamba kuketi na kutazama maji ni kazi ya mtu asiye na kazi. Historia ya mahali hapa inasema vingine. Katika karne ya 19, wataalamu wa jiografia huko Ulaya walibishana kwa miaka mingi kuhusu mto Rusizi, unaokutana na ziwa magharibi ya mahali ulipo mji wa Bujumbura leo. Swali lilikuwa moja: je, mto huo unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka kuelekea kaskazini, basi huenda Ziwa Tanganyika ndilo chanzo cha mto Naili.

Mwaka 1858 Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Uvira, lakini hawakuuona mdomo wa mto. Wenyeji waliwaambia wazi kwamba Rusizi unaingia ziwani, lakini ubishi wa huko Ulaya haukwisha. Mnamo Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafika mdomoni. Walitazama maji, wakaona yanaingia. Ubishi kuhusu mto huo ukafungwa kwa macho, na wenyeji wakathibitika kuwa walisema kweli tangu mwanzo. Huko Mugere, kusini ya mji, liko jiwe kubwa linalowakumbusha watu safari hiyo.

Funzo lake halijazeeka. Mtu akaaye karibu na maji akayatazama kila siku hujua mambo ambayo mwenye vitabu hana. Mvuvi ajua ni wapi viboko hulala mchana. Mama achotaye maji ajua ni siku gani ukingo umesogea. Askari aliyepata kushika lindo la usiku ajua kutofautisha kivuli na kiumbe. Maarifa hayo yakikusanywa, huwa ni ulinzi wa watu wote.

NDEGE WA MDOMO WA RUSIZI

Mdomo wa Rusizi ndiyo rasi ya watazamaji wa Bujumbura. Hauna jabali refu kama rasi za baharini; ni nchi tambarare ya matete, matope na mchanga, ambapo mto utokao Ziwa Kivu humwaga maji yake baada ya mwendo wa kilomita zaidi ya 100. Tangu mwaka 1980 sehemu hiyo, pamoja na msitu wa mikoche ulio juu zaidi katika bonde, iliwekwa chini ya hifadhi. Mwaka 2002, Burundi ilipojiunga na Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhi zenye majimaji, Rusizi iliandikwa katika orodha ya mahali penye thamani kwa dunia nzima. Mtu hufika huko kwa barabara iendayo Gatumba na mpaka wa Kongo, kilomita chache tu kutoka katikati ya mji.

Anayefika asubuhi hukuta kila ndege na kazi yake. Mwari, ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo, huvua kwa ushirika: kundi hujipanga nusu duara, likawasukuma samaki hadi maji haba, kisha wote huinamisha vichwa kwa pamoja kama kwa amri moja. Mnandi huzamia peke yake, halafu husimama juu ya mti mkavu akiyatandaza mabawa yake yakauke. Tai mla samaki mwenye kichwa cheupe hukaa juu kabisa, na mlio wake husikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Mdiria mweusi kwa mweupe husimama hewani akipigapiga mabawa, kisha hudondoka majini kama jiwe. Watoto hupenda kujua kwamba dume lake lina mikanda miwili myeusi kifuani na jike lina mmoja tu.

Yupo pia ndege wa ajabu ambaye mdomo wake wa chini ni mrefu kuliko wa juu. Yeye huruka chini kabisa, akiukata uso wa maji kwa mdomo huo wa chini, na ukigusa samaki hufumba papo hapo. Hutaga mayai yake juu ya mchanga mtupu, bila kiota cha majani wala vijiti. Kwa hiyo maji yakipanda juu ya mchanga huo wakati wa kutaga, uzazi wa mwaka mzima waweza kupotea kwa siku moja.

Kuanzia Oktoba mpaka Aprili hufika wageni. Ndege wa matopeni wenye miguu mirefu, mbayuwayu na shakwe hukimbia baridi ya Ulaya na Asia. Baadhi ya shakwe waonekanao katika maziwa makuu ya Afrika Mashariki wamezaliwa kando ya Bahari ya Baltiki, huko Ufini. Ndege huyo hana paspoti wala hajui mpaka, lakini anahitaji kwamba mahali alipopumzika mwaka jana pawepo na mwaka huu.

ZIWA LILIPOPANDA

Kuwepo kwa mahali hapo ndilo jambo lililotia watu wasiwasi katika miaka ya karibuni. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470. Katika dunia nzima linazidiwa kina na Ziwa Baikal la Urusi peke yake. Mito mingi huingia humo, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Mvua zikizidi kwa miaka kadhaa mfululizo, maji huingia upesi kuliko yanavyoweza kutoka, na ziwa hupanda.

Jambo hilo si geni. Livingstone na Stanley walipopita, ziwa lilikuwa juu kwa mita kadhaa kuliko lilivyo leo. Karibu na mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi cha Lukuga, yakapungua kwa muda mrefu. Baada ya mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960, ziwa lilipanda tena, likafika kilele mwaka 1964. Kisha maji yalirudi nyuma, na watu wakayafuata. Nyumba, hoteli, mashamba na barabara vikashuka hadi mahali ambapo ziwa lilikuwa limelala zamani.

Lilipoanza kupanda upya mwishoni mwa miaka ya 2010, lilirudia mipaka yake ya kale. Mwezi Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika huko Gatumba, na maelfu ya watu wakaziacha nyumba zao. Mwaka 2024 kimo cha ziwa kilikaribia kile cha 1964. Familia nyingi zilihamia kambini, na wengine walikwenda makwao kwa mitumbwi wakipita mahali palipokuwa njia ya miguu.

Viboko nao walipotezewa makao. Malisho yao ya ukingoni yalifunikwa na maji, hivyo waliyatafuta majani ndani zaidi, katika bustani na viwanja vya vitongoji vilivyo karibu na ziwa. Watu wameumizwa na wengine wameuawa. Aliyepoteza jamaa yake hawezi kuambiwa kwamba mnyama huyo ni mzuri wa kutazama. Lakini hata yeye atasaidiwa zaidi na kuujua mwendo wa kiboko kuliko na hasira. Mnyama huyo hafuati nyama ya mtu, maana chakula chake ni majani. Hushambulia akizibiwa njia ya kurudi majini, au mtumbwi ukipita juu yake, au ndama wake akikaribiwa.

Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 iliuweka ukanda wa mita 150 kandokando ya Ziwa Tanganyika kuwa mali ya umma. Wako walioiona hesabu hiyo kuwa ni kubwa mno. Mtu aliyeketi mwaka mzima akitazama maji yakija na kurudi, na viboko wakipanda na kushuka, angeielewa bila kusomewa. Ukanda huo ni nafasi ya ziwa kupumua na ya mnyama kula bila kugonga mlango wa mtu.

MASHARTI YA MTAZAMAJI

Wahenga walisema macho hayana pazia. Macho yaachwe yaende mbali, lakini miguu iwekewe mpaka. Kwa familia inayokusudia kwenda ziwani au Rusizi siku ya mapumziko, masharti yafuatayo yafaa kushikwa na wote, baba na mama wakitangulia kuyatii.

Saa zilizo bora ni kutoka saa 12 alfajiri hadi saa 3 asubuhi. Wakati huo jua hutoka nyuma ya mji, likamulika ziwa mbele ya mtazamaji, na rangi za ndege huonekana vizuri. Jioni jua huwa machoni, na kila ndege huonekana mweusi. Anayependa machweo na atazame kutoka mahali palipojengwa na palipoinuka, kama vile baraza za mikahawa ya ukingoni, wala asishuke mchangani baada ya saa 12 jioni, kwa maana saa hiyo ndiyo saa ya viboko kutoka.

Kamwe mtu asisimame kati ya kiboko na maji. Majani yaliyolazwa chini na kufanya njia pana kutoka ziwani ni barabara yake. Familia isitandike mkeka hapo. Nchi kavu kiboko hukimbia kuliko mtu wa kawaida, ingawa umbo lake lamdanganya mtazamaji. Akifungua kinywa wazi kabisa, si usingizi. Ni onyo, na jibu la onyo ni kurudi nyuma polepole. Ndani ya hifadhi, familia isiende bila mwongozaji wa huko, wala isimshurutishe mwenye mashua asogee karibu ili picha ipendeze.

Mamba naye asisahauliwe. Rusizi ulijulikana duniani kwa habari za mamba mmoja aliyepewa jina la Gustave, ambaye urefu wake ulikadiriwa kupita mita sita. Mwaka 2004 filamu ilionyesha jinsi alivyotegewa mtego mkubwa wa chuma asinaswe. Kwa kuwa hakushikwa, hakupimwa. Lakini hatari kwa mtoto si yule mamba mashuhuri, bali ni mamba yeyote wa kawaida aliyetulia kama gogo. Watoto wasinawe mikono wala wasiogelee mahali penye matete.

Mavazi yawe ya rangi zilizopoa, jambo ambalo wake za askari hawana haja ya kufundishwa. Chakula kiwe chepesi: chapati, njugu, ndizi, ndagala wa kukaanga na maji ya kutosha. Masalio na mifuko ya plastiki virudi nyumbani kama vilivyokuja. Mnyama aliyezoeshwa makombo hupoteza woga wake kwa watu, na mwisho wake huwa msiba kwa pande zote mbili.

DAFTARI LA FAMILIA

Darubini ni kitu kizuri kwa aliye nayo, lakini chombo cha kwanza cha mtazamaji ni daftari la shule na kalamu. Mtoto aliyefika darasa la nne aweza kuchora mistari na kuandika tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, aina ya mnyama na idadi. Kuhesabu viboko kuna ufundi wake, kwa sababu wanazama na kuibuka kwa zamu. Kundi hutazamwa kwa dakika kumi, likihesabiwa tena na tena, na idadi iliyo kubwa kuliko zote ndiyo huandikwa. Kundi kubwa la mwari huhesabiwa kumi kumi.

Kazi hiyo si mchezo wa watoto peke yao. Kila mwezi wa Januari, katika nchi nyingi za dunia, watu huenda kwenye maziwa na mabwawa kuwahesabu ndege wa maji kwa njia hiyo hiyo, katika hesabu ya kimataifa iliyoanza mwaka 1967. Kwa hesabu za namna hiyo wataalamu hujua ni ndege gani wanaongezeka na ni wepi wanaotoweka, wala hakuna mashine inayoweza kujaza pengo la mwaka ambao hakuna mtu aliyetazama.

Daftari lina faida nyingine iliyo karibu zaidi na nyumba. Familia inayoandika kila wiki mahali maji yalipofika, na ni usiku gani kiboko alipita nyuma ya ua, itaona mabadiliko kabla hayajawa maafa. Itajua ni wakati gani mtoto asitumwe dukani jioni kwa njia ya ziwani, na itakuwa na la kusema kwa viongozi wa mtaa wakati wa kuamua mahali pa kupitisha njia na mahali pa kuacha majani yaote.

Watu wa pwani humtazama nyangumi kwa miezi michache, kisha akaenda zake kusini. Jamaa yake aliyebaki Bujumbura hana kwingine kwa kwenda. Atakuwa ziwani leo jioni, masikio juu ya maji, akingoja giza ili atoke. Na kwenye ukingo huo huo mama atakuwa akiwaita watoto wake warudi ndani. Kila upande ukiujua mwendo wa mwenzake, usiku utapita salama.